Mnyororo wa Maombi wa Pruitt

Jumapili, 8 Oktoba

Daftari hili kaninunulia Kendra. Daktari kasema presha yangu inapanda kwa sababu naweka mambo moyoni, niyamwage kwenye karatasi. Haya. Lakini shule mimi niliachia darasa la tisa nikaenda kiwanda cha kuku, na kitu ninachojua kuandika ni barua. Basi naanza kama barua.

Salamu kwa wote wa nyumba hii. Salamu kwa Royce mume wangu, goti linamuuma na hasemi. Salamu kwa Kendra, mtoto wangu wa pekee, kakonda tangu aachane na yule bwana. Salamu kwa Josie mjukuu wangu, meno ya mbele yameng'oka yote mawili. Salamu kwa shemeji Dwight, kaka yake Royce, aliye kwenye nyumba yake ya magurudumu nyuma ya ghala letu, na mdomo wake ni ule ule. Salamu kwa Biscuit, mbwa mzee, anakoroma miguuni pangu. Sisi hatujambo.

Leo baada ya ibada Kendra kanisaidia kuosha vyombo. Akafunga mlango wa jikoni. Kachaguliwa. Yumo katika wale raia kumi na wawili wa kuamua kesi ya Gavana Tolliver mahakamani! Jaji kaamuru majina yao yasijulikane, wanaitwa kwa namba tu. Mimi kaniambia kwa kuwa nitakaa na Josie asubuhi na jioni, yeye atakuwa anaendesha mpaka mjini na kurudi kila siku. Hata baba yake hajui. "Mama, ni wewe tu," kasema. "Asijue mtu."

Nimeapa. Sahani ilinitoka mkononi, haikuvunjika.

Jumanne, 10 Oktoba

Sasa nitasema ninavyoona, hili ni daftari langu. Wanamwonea Gavana. Wanasema alikula fedha za barabara, wajenzi wakamjengea nyumba ya ziwani. Mimi najua hili: mwaka mto ulipotuingilia ndani, yeye alikuja hapa kwetu Pruitt na viatu vya mpira, kabeba maboksi ya maji begani, kanishika mkono huu wangu. Wale wa chama kingine hawakuonekana hata mmoja. Leo hayupo madarakani ndiyo wanamkumbuka? Bango lake lipo uani kwetu tangu uchaguzi ule na Royce hulifuta vumbi kama gari.

Dwight kala chakula cha jioni hapa. Kasema kesi yote imepangwa, na hao kumi na wawili wameokotwa kutoka kwa maadui. Nilikuwa namimina mchuzi juu ya biskuti, vile vimkate vyetu laini, ukamwagika mezani. Kaniuliza shemeji, una nini leo. Nikasema presha.

Na mtoto wangu anapigia nani kura? Hajawahi kutuambia. Sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Jumatano, 11 Oktoba

Ee Mungu.

Sikukusudia. Naandika nikiwa bado na koti.

Kila Jumatano jioni tuna maombi kanisani. Mwisho Mchungaji Lyle huuliza nani ana haja. Mtu husimama, hutaja, na Dada Arlene Voss huingiza haja hiyo kwenye mnyororo. Ndivyo tufanyavyo miaka yote: Arlene humpigia mwenzake simu, naye humpigia mwingine, mpaka wanawake wote wa kanisa wawe wanaomba. Wa mwisho humpigia aliyeomba, ajue limezunguka. Sharti ni kulipeleka neno kama ulivyolipokea.

Leo Kendra alirudi macho mekundu. Wanaoamua kesi hawaruhusiwi kusema ya ndani. Alimkumbatia tu Josie kwa muda mrefu. Nami sijui kubeba kitu cha mtoto wangu peke yangu, nimezoea kukipeleka pale. Nikasimama. Nikasema mniombee Kendra, yuko mjini kwenye kiti kigumu, siwezi kusema zaidi.

Wangeniacha hapo. Lakini Arlene kanishika mkono kwenye maegesho, kaniuliza taratibu, mpenzi, ni ugonjwa? Ni saratani? Machozi yakanijaa. Nikasema hapana, ni mahakamani. Kauliza, kashtakiwa? Sikutaka wadhani mwanangu kashtakiwa. Kiburi hicho! Nikasema yeye hashtakiwi, yeye ni katika wanaoamua.

Arlene akaziba mdomo kwa kiganja. Kasema haitatoka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mchana simu ililia. Ni Opal, mwisho wa mnyororo. Kasema, Dada Verlene, limezunguka, wote tunaomba. Nikamuuliza wanaomba nini. Kanisomea: tumwombee binti wa Verlene, ambaye Bwana kamketisha kati ya wale kumi na wawili kama Esta jumbani mwa mfalme, ili amwokoe Gavana wetu.

Nikasema mimi sikusema hivyo. Opal kasema ndivyo lilivyonifikia, mpenzi. Na sauti yake ilikuwa na furaha, kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga amshike.

Nilikaa sakafuni na Biscuit.

Ijumaa, 13 Oktoba

Vyakula vimeanza kuja. Pai la tufaha barazani, halafu tambi za kuku za kuokwa, halafu maharage mabichi na vitunguu vya kukaanga juu. Kila bakuli lina utepe chini wenye jina la mwenyewe, kama inavyokuwa kwa matanga. Nani kafa? Wanasema mpe Kendra, ale awe na nguvu ya kufanya lililo sawa. Hakuna aliyesema vibaya. Hilo ndilo linaloniogopesha. Ungeweza kuwafukuza kama wangekuja na mawe.

Jioni tulikwenda mpira wa shule, kila Ijumaa mji mzima uko pale. Watu wakaanza kumpiga Royce mabegani, hongera, mmelea binti vizuri. Kaduwaa. Mmoja kamwambia waziwazi kwa nini. Royce kanigeukia. Uso wangu ulimjibu.

Garini, Josie nyuma akauliza bibi, kwa nini wenzangu wanasema mama asipokuwa mtu mzuri atamfunga Gavana? Nikamwambia watoto husema mengi. Royce kasimamisha gari uani, kaacha taa zinawaka, kalifuata bango la Gavana, kalitikisa mpaka likang'oka na udongo wake, kalisimamisha ndani ya ghala likitazama ukuta.

Nikamuuliza si unampenda? Kasema, "Nampenda. Nataka ashinde kwa haki, si kwa mapai."

Halafu kauliza Kendra anajua? Nikasema bado. Kasema basi mwambie. Nikasema kesho.

Jumamosi, 14 Oktoba

Sikumwambia. Alikuwa anacheka na Josie, wanachonga sura kwenye boga. Mapai nimeyaficha kwenye friza ya gereji.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikwenda kanisani. Mara ya kwanza tangu nilipopasuliwa nikatolewa nyongo. Nimesema kichwa kinaniuma.

Dwight kaja baadaye akiwa bado na tai shingoni. Kasema limetoka hata kwenye mtandao, jina la Kendra, picha yake ya kazini, na mtaa anaokaa. Wengine wanamsifu. Wa upande wa pili wanasema ni kibaraka wa Gavana, kapandikizwa. Na kuna mtu kaandika kwamba anajua gari lake. Nimeuliza mtu gani, wa kwetu au wa kwao? Dwight kasema itajulikanaje.

Halafu kacheka. Kaniwekea mkono begani. Kasema mawakili wa Gavana wakilipata hili kesi inavunjika, inaanza upya, na ikianza upya uchaguzi anaogombea tena utakuwa umepita. "Shemeji," kasema, "umefanya kazi kuliko mawakili wake wote."

Hiyo ndiyo sifa niliyopewa. Na mimi wiki iliyopita ningemkatia kipande cha pai. Nilikuwa naomba Gavana atoke, kumbe mlango wenyewe nimeufungua kwa mwili wa mtoto wangu. Nilikwenda bafuni nikafungulia maji Dwight asisikie.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kendra kaja kumchukua Josie, kakaa jikoni na funguo mkononi. Hakuvua koti. Nitaandika yote nisije nikajidanganya baadaye.

Kasema jaji kawaita mmoja mmoja ofisini kwake, yeye wa kwanza. Kamwonyesha picha yake iliyoko mtandaoni. Kamuuliza amemwambia nani. Kendra kasema mtu mmoja tu, mama yangu, kwa ajili ya mtoto. Jaji kauliza, je, mama yako huenda kamwambia mtu?

Hapo Kendra kanitazama. Uso wake umechoka, umekuwa uso wa mama yangu.

"Nimemwambia hapana, Mama. Nimeapa, halafu nimemwambia mama yangu hawezi."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha vyombo. Nilikikunja. Nikakikunja tena.

Kaendelea. Jaji hakuridhika. Kesho saa tatu asubuhi kila mtu atakuwepo, mawakili wa pande zote, na kama haijulikani neno limetoka wapi, itaonekana ni yeye mwenyewe aliyejitangaza. Watamtoa kwenye kesi, na yawezekana ashtakiwe kwa kuvunja amri. Kazini wamekwisha kumwambia akae nyumbani. Yeye anadhani ni ami yake. Dwight husikiliza milangoni, kasema, amekuwa hivyo tangu utoto wangu. Kauliza, Mama, unadhani ni ami?

Nami nikasema, "Sijui, mwanangu."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nikamfungia tambi za kuku aondoke nazo. Kainua bakuli, kasoma jina la Arlene chini. Kauliza mbona Arlene anatupikia? Nikasema yeye ni mkarimu tu.

Royce alikuwa kwenye mlango wa gereji. Kasikia. Kanifunika blanketi tu nilipolala kwenye kochi, na hilo ni baya kuliko matusi.

Jumanne, 17 Oktoba

Asubuhi Kendra kamleta Josie gizagiza. Kasimama barazani, mimi ndani, wavu wa mlango kati yetu. Kavaa koti la bluu alilovaa kwenye mazishi ya mama yangu. Nilikuwa nimelala na maneno mdomoni, nimeyapanga, mafupi. Nikampa kahawa kwenye kikombe cha safari. Nikasema endesha polepole, kuna kulungu barabarani.

Kasema niombee, Mama.

Kaenda. Nilitazama taa za nyuma mpaka kwenye ghala la mahindi la akina Voss.

Nimemvalisha Josie, nimemsuka, nimempandisha basi la shule. Kanipungia mkono, kacheka na pengo lile la meno. Mtoto akikosea hapa tunamwambia nini? Nenda ukaseme mwenyewe. Mara ngapi nimemwambia Kendra hivyo, nimemshika sikio mpaka dukani arudishe peremende.

Nimempigia. Inaita tu, yuko barabarani. Nimepiga tena. Nimepiga mahakamani, mashine imeniambia nibonyeze namba hii na ile mpaka ikanikatia. Saa mbili kasoro robo. Saa tatu anaingia, na simu wanazichukua mlangoni.

Nimemwamsha Royce. Nikasema nipeleke mjini, nitamwambia jaji ni mimi. Kaketi ukingoni mwa kitanda, kasugua goti. Kasema watu wa Pruitt hawatakuachia, Verlene, wataona umemtupa Gavana. Nikasema najua. Kasema na Gavana akipatikana na hatia watasema ni wewe. Nikasema Royce, huyo mtu sijui alikula fedha au hakula. Labda alikula. Labda alibeba maji yale na akala vilevile. Mimi ninalolijua ni moja, nani alitaja jina la mtoto wangu.

Kavaa suruali. Lori linaunguruma uani sasa hivi, kioo kina barafu, anakwangua. Hata tukiwahi kuondoka hatutafika kabla ya saa tatu. Nimetafuta viatu vyangu vya kanisani, kimoja hakionekani.

Nimemwandikia kwenye simu. Vidole vinakosea. Nakopi hapa kama nilivyotuma:

Kendra, mama hapa. Sisi hatujambo, Josie kapanda basi, kavaa kofia. Si Dwight. Ni mimi. Nilimwambia Arlene Jumatano kwenye maegesho. Mwambie jaji mama yangu anaweza, na amefanya. Niko njiani na baba yako niseme mwenyewe. Usiape tena kwa ajili yangu.

Imekwenda. Haionyeshi kwamba imesomwa.

Simu inalia — nikairukia. Ni Arlene. Atakuwa ana haja mpya ya kunipa kwenye mnyororo. Naiacha ilie, laini iwe wazi kwa mwanangu. Bado inalia. Royce anapiga honi. Nimemwandikia tena mstari mmoja, kiatu kimoja mguuni: nijibu upesi mwanangu, kabla hujawapa simu, hata ukinitukana nijibu