Nambari ya Jiwe la Shahidi

Mjomba Nyakundi,

Nakusihi, kabla hujafika mstari wa pili, barua hii iwe siri yako. Usimsomee mtu neno hata moja huko mlikolala, awe babu, awe yule rafiki yako wa jeshini uliyemtaja kila ulipoona moshi mweusi. Najua mchungaji ametufundisha kwamba waliokufa wamelala na hawajui neno lolote mpaka parapanda ilie. Basi nakuandikia kama mtu anayemwekea mwenzake karatasi chini ya mto. Utaisoma ukiamka.

Barua huanza kwa kuuliza hali, na hapo kalamu imenigomea mara tatu. Nitakupa hali ya huku. Mama Kerubo, mkeo, anaendelea. Migomba ya nyuma ya nyumba imezaa mpaka tumeiwekea miti ya kuiegemeza. Umeme umefika mtaa wa gereji yako. Nguzo wameichimbia pale pale ulipokuwa ukiegesha baiskeli, na nasikia jinsi ambavyo ungewatukana. Mimi ningali karani. Ningali nashtuka mlango ukifunguliwa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu injini, kwetu wawili, ilikuwa mambo ya Kiswahili. Nyumbani Manga tulizungumza Kigusii kuhusu ng'ombe, mvua na majirani, lakini ukishika spana tu ulihamia Kiswahili chako cha jeshini. "Karani, leta! Karani, shika! Karani, usifikiri, soma!"

Nakumbuka ulivyokuwa ukipuliza njia za hewa za injini kwa mdomo wako, ili ujue ipi ni pana na ipi imebanwa. Sabato moja ulisimama na kwaya ukiwa na masizi kwenye midomo, na sauti ya pili yote ikashindwa kuimba kwa kicheko. Hukujali. Ulisema, "Injini ni mwanakwaya, Karani. Koo zuri si kitu kama hajui kuvuta pumzi." Mimi ndiye niliyekuambia kwamba pumzi hiyo inaweza kupimwa kwa maji, kwa mrija uliopindwa kama tulivyofanya shuleni. Ukasema, "Kumbe huko shuleni hamkuwa mnalala tu."

Kifaa cha kuvuta hewa kilikuwa ofisini kwetu: mashine ya kuvuta vumbi, yenye mkonga kama wa tembo, iliyoachwa na mzungu alipoondoka baada ya Uhuru. Ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu. Jumamosi ni Sabato yetu, lakini Jumapili Bwana Mkubwa, mkuu wa ofisi, huwa kwenye misa hadi saa sita. Basi kila Jumapili asubuhi ulikuja na gunia lako, nami nikakufungulia, nikitazama nyuma kila hatua. Ulinicheka: "Tunapima hewa, na wewe unatembea kama tumeiba benki."

Sanduku ulilipiga mwenyewe kwa mbao za mkaratusi, ukaligawa vyumba viwili. Katikati tuliweka jiwe la sabuni, lile la kuchonga vinyago, lenye tundu la mviringo, laini kama yai. Yule mchongaji wa Tabaka alikuuliza, "Mzee, bakuli gani hili lenye tundu chini?" ukamjibu kwamba ni la kumlishia mkwe mvivu. Silinda hedi, kile kifuniko cha injini chenye njia za hewa, ilikaa juu ya mdomo wa sanduku. Mashine ikavuta kutoka upande wa pili. Hewa ikapita kwenye valvu, ikapenya tundu la jiwe, na maji ya wino kwenye mrija yakapanda. Hewa ikiwa nyingi, maji yalipanda zaidi.

Jumapili ya kwanza maji yalicheza kama watoto kwenye matope. Ulibana mrija kwa kibanio cha nguo cha Mama Kerubo, yakatulia. Jumapili ya pili yalikataa kusema ukweli mpaka nikaona povu dogo limekwama kwenye kona, ukaligonga kwa ukucha. Nyufa za sanduku uliziziba kwa ugali wa wimbi, ukasema, "Ukikauka, hata panga linaomba msamaha." Mama Kerubo alipotuona tunaondoka na sufuria nzima akauliza, "Kwa hiyo sanduku nalo lina njaa?"

Halafu ukachongesha jiwe la pili, la shahidi, la kukaa kwenye mdomo wa sanduku mahali pa hedi. Tundu lake halibadiliki, kwa hiyo jibu lake nalo lisibadilike: inchi sita. "Shahidi aulizwe kwanza, kila siku. Shahidi akidanganya, kesi ifungwe twende nyumbani." Ilikuwa kazi yangu. Kuweka jiwe, kuwasha, kusoma pale maji yanapoinama katikati ya mrija, kuandika.

Mjomba, sasa nafika.

Silinda hedi ya lori la Mzee Ontita tuliipima kabla hujaigusa: sita na nusu. Uliipeleka gereji ukazipanua njia zake kwa tupa wiki tatu, polepole, ukipapasa kwa kidole kidogo. Jumapili uliyoirudisha, ulikuwa mlangoni unafungua gunia nilipolisikia gari. Nilijua ni la Bwana Mkubwa. Shahidi alikuwa bado mkononi mwangu. Nikaona tukichelewa dakika mbili tutakutwa, nami nitafukuzwa. Nikaandika sita kwenye daftari. Ukauliza, "Shahidi amesema nini?" Nikajibu, "Sita."

Gari likapita. Halikuwa hata la mtu tunayemjua.

Hedi ikasoma tano na robo. Ulirudia mara tatu. Uliziba mdomo wa sanduku kwa kiganja, maji yakalala sawasawa, ukasema, "Sanduku ni zima. Shahidi ni mzima. Basi ni mkono wangu." Hapo ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi ya kusema tangu pale hadi ulipofunga gunia, na njia nzima ya kushuka hadi barabarani, na baada ya hapo miezi minne. Nilikubebea tupa zako.

Ulikwenda mwenyewe hadi Ogembo kumwambia Ontita kwamba umeiharibu. Mtu mwingine angenyamaza. Naye akapaza sauti sokoni: "Nilikuletea injini, umenirudishia filimbi!" Wakakuita Fundi Filimbi, hata wauza ndizi. Hukushika tupa tena. Baridi ilipokuja na kifua chako kikaanza, ulikaa jikoni kwa Mama Kerubo ukiitazama mikono yako, unaigeuza, unaitazama tena.

Tulikuzika ukiamini hivyo.

Sikiliza sasa kilichotokea. Mwezi uliopita Bwana Mkubwa aliagiza stoo isafishwe. Akaisukuma ile mashine kwa kiatu na kusema, "Na hili dude la mzungu lichukue, linatujazia nafasi." Lichukue! Jambo nililoliogopa miaka miwili, mwenyewe hakulihitaji hata kwa dakika moja. Kabla ya kuondoa vitu niliwasha mara ya mwisho, nikamweka shahidi. Akasema nne. Nikalipindua sanduku. Upande wa mashine, chini kabisa, ambako kiganja chako juu ya mdomo kisingeweza kugundua chochote, panya walikuwa wamekula wimbi lote. Pengo lilimeza vidole vyangu viwili. Mashine ilikuwa ikivuta hewa ya stoo, sio ya injini.

Nilihamishia kila kitu gereji kwako, nikaziba kwa nta na kitambaa. Shahidi: sita. Hedi yake, Ontita alikuwa ameitupa pale akimwambia Mama Kerubo aitumie kutwangia wimbi. Nikaiweka.

Saba na robo, Mjomba.

Niliketi sakafuni. Mikono yako ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa siku zote, kila tupa, kila kidole.

Nilikwenda Ogembo nikamweleza Ontita habari za panya. Alicheka mpaka akakohoa: "Kwa hiyo fundi mkuu alikuwa panya?" Lakini hedi aliifunga tena kwenye lori. Ijumaa iliyofuata lori lake lilipanda Manga likiwa limejaa ndizi bila kurudi gia ya kwanza. Watoto walikimbia kando yake wakashindwa kulifikia. Akasimama langoni kwako, akavua kofia, akamwambia Mama Kerubo, "Mama, filimbi ilikuwa mdomo wangu." Mama Kerubo akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike, halafu akajifunika uso kwa kanga. Sasa kule sokoni wanasema Nyakundi alisingiziwa na panya. Mama Kerubo ameleta paka gereji, anamwita Mkaguzi.

Kila mtu ameridhika. Mimi tu ndiye nisiyelala, kwa sababu panya hawakuandika sita. Panya walikula tu, kama panya. Shahidi angeulizwa siku ile, angesema ukweli wote, nawe ungelitukana sanduku, ungeziba pengo, ungekwenda Ogembo kucheka. Panya wamebeba mzigo wangu, na Mama Kerubo ananipakulia chakula kwa mkono ule ule uliokufunga shuka.

Nilianza kwa kukuomba siri. Nimeandika hadi hapa na naona sio wewe niliyekuwa nakuogopa. Basi nakufungua kwenye siri hiyo. Ukiamka, mwambie babu, mwambie yule wa jeshini. Na mimi Jumapili hii, wakati ule ule wa asubuhi tuliokuwa tukikutana, nitakwenda kwa Mama Kerubo nikiwa na daftari na kumwonyesha ukurasa. Hiyo sita sitaifuta. Nitaikata kwa mstari mmoja, ili isomeke, na kando yake nitaandika "haikupimwa" na jina langu. Kisha sitaacha kumwuliza shahidi kwanza, hata gari la nani lipite.

Lala, Mjomba wangu. Asante kwa kuniita Karani kama vile ni jina la heshima.

Siku ile ya kuamka watu watakuwa wengi na kelele, kwa hiyo shika maelekezo haya. Usinitafute ofisini. Kutoka ulipolala shuka kando ya migomba iliyoegemezwa, pita kisima, ufuate barabara hadi gereji. Nguzo ya umeme ndiyo alama, usigombane nayo. Mlango utakuwa wazi. Nitakuwa nimekwisha kuwasha, shahidi yuko juu ya sanduku, daftari liko wazi. Usinisalimu kwanza. Inama usome mwenyewe, pale maji yanapoinama.

Mpwa wako,
Karani