Nguo za Mwenye Mkono Mfupi

Jumamosi, 3 Mei

Leo nyota yangu imewaka! Nimepita lile duka la hisani nyuma ya posta, lile ambalo watu wanatoa nguo zao bure na mauzo yanakwenda kwa wagonjwa. Nilitaka sweta tu. Nimetoka na koti la sufu la kijani, blauzi mbili, na gauni la rangi ya zambarau lenye bitana laini kama maji. Hakuna doa. Hakuna kifungo kilichopotea. Si kule mitumbani kwa kuinama kwenye fungu mpaka kiuno kikatike — hapa kila kitu kiko kwenye hanga, kimepigwa pasi.

Na vyote vimenikaa kama nilipimwa. Mama wa duka kasema vimeingia juzi, mfuko mmoja. Eti vilikuwa vinaningoja mimi.

Mdogo wangu, tunapanga pamoja, yeye na mdomo wake, kauliza nimeteuliwa lini kuwa waziri.

Jumatatu, 5 Mei

Koti kazini. Daktari wa macho — bosi wangu, mtu ambaye ningekuja na gunia asingeona — kaniuliza nani kanipandisha cheo, maana si yeye. Nimecheka siku nzima. Hata wateja wa miwani wamenisalimia kwa heshima.

Kitu kimoja tu. Mkono wa kushoto wa koti ni mfupi. Kama vidole viwili hivi. Nilidhani fundi alikuwa anasinzia. Nimerudi nyumbani nikazikagua zote: blauzi, gauni — kushoto tu, zote. Na kazi ni safi, mshono mdogomdogo wa mtu asiye na haraka.

Mdogo wangu: "Basi mwenyewe alikuwa na mkono mfupi. Haya, umevaa mtu."

Hakusema nguo za mtu. Kasema mtu. Nimemwambia akaoshe vyombo.

Jumatano, 14 Mei

Nimerudi dukani. Sijui nilikuwa natafuta nini — muongo mimi, najua. Mfuko mwingine umeingia. Sketi, sweta la kijivu, gauni la kulalia ambalo sikuligusa. Anayeleta ni mama mtu mzima, kidogokidogo, anaacha mlangoni na kuondoka kabla hajashukuriwa. Mama wa duka kashusha sauti: mifuko ya namna hiyo huwa hawaiulizi.

Nimeelewa, mwenyewe hayupo tena. Nimenunua hata hivyo.

Nilitaka kufumua pindo la mkono wa sweta niushushe. Hakuna cha kushusha. Kitambaa kilikatwa kabisa. Aliyekata hakutarajia mtu mwingine.

Jumamosi, 17 Mei

Mdogo wangu kaniuliza mkono unaniuma nini. Hauniumi. Mbona unaukunja?

Nimekwenda kwenye kioo. Kweli. Kiwiko kimebana ubavuni, kiganja kimelala tumboni, kama nimebeba kitu nisichotaka kimwagike. Nimeunyoosha. Nikachana nywele, nikasahau — nilipoangalia tena umesharudi. Na nilikuwa na fulana yangu ya nyumbani! Si nguo yake hata moja!

Alhamisi, 22 Mei

Naandika haraka, mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Leo kaja mzee mmoja kuchukua miwani. Katolewa mtoto wa jicho mwezi uliopita, miaka alikuwa anaona ukungu tu. Mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Nimemvalisha miwani, nikampa kibao cha herufi asome. Kasoma mstari wa kwanza. Wa pili. Halafu macho yameacha kibao yakaja kwenye mkono wangu uliokishika. Wa kushoto. Nilivaa sweta la kijivu.

Kaukazia macho mpaka daktari akatoa kichwa mlangoni kuuliza kuna nini. Mzee kasema hakuna, herufi zinaonekana vizuri sana. Machozi yanamtoka chini ya miwani mipya.

Kisha kaninong'oneza: "Mama, umekula?"

Mama! Kama baba anavyomwita binti yake. Nimesema nimekula. Kasema vizuri, huwa unasahau.

Ijumaa, 23 Mei

Karudi. Eti miwani inambana. Haimbani. Nimeilegeza, nikaikaza tena palepale. Kaniambia mwenyewe, bila kuulizwa: binti yake alivunjika mkono utotoni, mfupa ukaunga vibaya, haukukua kama mwenzake. Kafa mwaka jana, homa tu, haikuchukua muda. Anajua kwamba kafa. Kasema hivyo wazi, wala hajachanganyikiwa. Halafu kaniomba nimpitishie ile karatasi ya mezani, niipitishe kwa mkono wa kushoto.

Nikampitishia. Nani angemkatalia?

Wala si huruma tu, niandike ukweli. Mimi na mdogo wangu tumelelewa kwa zamu, shangazi huyu, mjomba yule. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula kwa sauti ile.

Jumatatu, 26 Mei

Leo kaja mke wake. Nimemjua kabla hajasema: mama mtu mzima, anatupatupa macho mlangoni kama mtu wa kuondoka upesi.

Hakugomba. Bora angegomba.

"Mwanangu, zile nguo nilizitoa ili ziende mbali. Mume wangu alikuwa anashinda nazo kitandani, anazikunja, anazikunjua. Nikasema ngoja atibiwe macho, aone dunia. Katibiwa. Kitu cha kwanza alichoona ni wewe."

Nimesema samahani. Sijui samahani ya nini, nimenunua dukani kama mtu yeyote.

"Nakuomba usizivae hapa. Vaa zako."

Nimeahidi. Kageuka kwenda, kasimama, karudi. Kashika pindo la mkono wa blauzi niliyovaa, kaligeuza nje, kakagua mshono kwa dole gumba. Kumbe ndiye fundi. Kila nguo, miaka yote, alifupisha yeye.

"Uzi unaanza kuachia hapa," kasema. Basi. Kaondoka.

Alhamisi, 29 Mei

Nimevaa shati langu la zamani, la rangi ya chai iliyopoa. Mzee kaja. Kaniangalia, akanisalimia vizuri tu, kama anavyosalimiwa mtu wa mapokezi. Halafu akachungulia nyuma yangu. Chumba cha kupimia, korido, mlango wa choo.

"Leo hakuja?"

Nywele zimenisimama. Na aibu iliyoje — nilichosikia kwanza si woga, ni wivu!

"Mwambie Jumapili tuko nyumbani," kasema. "Aje na lile gauni la zambarau, mama yake hajaliona siku nyingi."

Nimejibu nitamwambia. Mungu wangu. Nitamwambia nani?

Jumamosi, 31 Mei

Tumegombana. Mdogo wangu kasema zirudishe zote dukani, au yeye atazichoma. Nimemwambia zimenigharimu. Kasema ndiyo, hilo analiona. Usiende, dada. Wale wana marehemu wao. Utakaa wapi wewe?

Gauni limetundikwa nyuma ya mlango. Kila nikipita linajigeuza kidogo. Ni upepo.

Jumapili, 1 Juni

Naandika humu humu nyumbani kwao. Daftari lilikuwa mkobani; njia nimeipata kwenye kadi ya mzee ya kliniki.

Nilikuja kumwambia mzee ukweli usoni, kwamba hakuna atakayekuja. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini nimelivaa gauni.

Mama ndiye aliyefungua. Nilingoja anifukuze. Kaniangalia kuanzia chini, taratibu, na alipofika usoni hakushangaa. Kasema, "Umelowa." Mvua ilikuwa imenikuta njiani, kweli. Kanifuta kwa kitambaa cha meza. Mzee kanikaribisha chai, kanipa kiti cha dirishani bila kufikiri, na mimi nikakikalia bila kufikiri. Hakuna aliyeniuliza kwetu wapi. Tumeongelea bomba linalovuja na paka wa jirani. Nimecheka. Wameangaliana wote wawili nilipocheka, halafu mama naye akacheka, amejiziba mdomo.

Ukweli wangu sikuusema.

Mvua imezidi. Mama kanileta chumba hiki, nijinyooshe mpaka ikatike. Kitanda kimetandikwa. Kabati liko wazi na halina kitu, hanga tu. Nimekaa pembeni pa kitanda, nashindwa kulala, nashindwa kuondoka.

Sasa hivi mama kaita kutoka jikoni. Kaita jina. Si langu.

Sebuleni kijiko cha mzee kimeacha kugonga kikombe. Nyumba nzima inasikiliza.

Nimeitika. "Abee, mama."

Na ndara za mama kwenye korido — zinakuja mbio.