Mtaa Usio na Malalamiko

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua cha shemeji kimepata nafuu, na mama bado anawagombeza nyote mliomo humo ndani, maana siku atakayonyamaza ndipo tutakapokuwa na shida. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kuwa hajambo. Mgongo unauma, na macho yamekuwa mekundu hadi mwenye duka jirani ameniuliza kama nimeanza kunywa.

Si pombe, dada, ni kompyuta. Kazi yangu pale ofisi ya maji unaijua: mtu anapiga simu kwamba bomba limepasuka, naandika mstari mmoja kwenye kompyuta, mtaa gani, tatizo gani, siku gani, kisha mafundi wanakwenda. Mistari imerundikana miaka yote bila mtu kuitazama. Sasa tumeletewa mkuu mpya. Tunamwita Mzee wa Asilimia, kwa sababu hata ukimwambia umeamka salama atataka kujua salama kwa kiasi gani. Akaagiza malalamiko yote yapangwe kwa pivoti.

Nilidhani pivoti ni spana ya mafundi. Mama wa uhasibu alicheka hadi akashika ukuta, kisha akavuta kiti akanifundisha. Kumbe ni jedwali linalokuhesabia: unakokota "mtaa" unauweka pembeni, unakokota "tatizo" unaliweka juu, na mistari yote inajikusanya yenyewe, kila mtaa na idadi yake. Alisema ni kama kupanga nguo kabatini. Nikamwambia hajaliona kabati langu. Mara ya kwanza niliweka tarehe mahali pa mtaa, jedwali likarefuka hadi kipanya kikachoka kabla yangu.

Hatimaye likakaa sawa. Mkuu alifurahi, akasema sasa anauona mji mzima kwenye karatasi moja. Kisha akaanza kuisoma kutoka chini. Akasema penye malalamiko machache hapahitaji mafundi, basi gari na mafundi wa upande wenu wahamishwe mwisho wa mwezi. Kwenye mtaa wenu, dada, palikuwa peupe kabisa.

Sababu ni mimi, na hili nakwambia kwa aibu. Bomba lenu linapasuka kuliko mabomba yote ninayoyajua. Lakini likipasuka unapiga simu yangu mwenyewe, nami nawapigia mafundi kelele dirishani waende kwa dada, na wanakwenda. Majirani nao wanakuambia wewe, wewe unaniambia mimi. Sikuandika hata mstari mmoja. Nilijiona ndugu mwema. Nani anamwandikia dada yake lalamiko?

Nilimweleza mkuu yote. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alisema ananiamini, ila hawezi kuliacha gari kwenu kwa maneno ya mdomo, na nikijaza mistari ya kukumbuka kichwani atanifukuza. Nilijua ana haki. Alichokubali ni kulipanga jedwali upya mwisho wa mwezi, kabla ya kutia sahihi gari lihamishwe.

Kwa hiyo nakuomba, usinipigie tena kwenye simu yangu kwa habari ya maji. Pigeni ya ofisini, wewe na majirani, kila mtu kwa bomba lake, hata linalodondosha tu. Nitapokea mimi. Nitakuuliza jina na mtaa kama vile hatukulala kitanda kimoja utotoni. Usicheke, wala usiniite lile jina la utani. Mafundi watachelewa, kwa sababu sasa mtapanga foleni kama watu wote. Wakichelewa, piga tena unitukane. Nitaandika na hilo.

Mama usimwambie kwanza. Anajua miguu yake haiwezi kubeba ndoo za maji, na atataka kuja mwenyewe kuzungumza na mkuu, nami yule bwana namwonea huruma.

Msalimie shemeji na watoto, na majirani wasione haya kulalamika. Kesho asubuhi nipo kwenye simu.

Ndimi mdogo wako,
wa dawati la malalamiko