Dokezo Kuhusu Nyika Huru

Masjala, Jumamosi mchana

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Baba Mdogo aliniambia kwenye simu kwamba limetulia, lakini Baba Mdogo angesema limetulia hata kama ungekuwa umelala sakafuni unapiga kelele, kwa hiyo nakuuliza mwenyewe. Na cherehani je? Fundi amekuja kuitazama pedali, au bado unaisukuma kwa mguu mmoja? Wape mapacha salamu zangu. Picha waliyonichorea imefika na nimeibandika ukutani, ingawa mpaka leo sijaelewa kama ni mimi au ni ng'ombe. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na nafunga mlango kwa komeo na ufunguo kama ulivyonifundisha.

Najua unajiuliza kwa nini naandika barua na simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza. Ungesema "Ehe, halafu?" kabla sijafika kwenye halafu yenyewe, nami ningebabaika na kusahau ya maana. Kwa hiyo kaa kitako, vaa miwani, na usirukie ukurasa wa mwisho, maana nakujua. Nianze kwa kukutoa hofu: sijafukuzwa kazi.

Unakumbuka nilikueleza kazi yangu ilivyo. Hapa gazetini mimi ni karani wa masjala, niko kwenye kipindi cha majaribio. Napokea barua za wasomaji, nazigonga muhuri, nafungua mafaili, natunza kadi za mahudhurio za ofisi nzima, na nagawa karatasi kwenye trei. Kila meza ina trei mbili. Ya kijivu inakwenda kwa Mhariri, akasome na kukata. Ya kijani inakwenda chumba cha chini kwa mpanga kurasa, nacho kilichomo kinachapwa. Mpanga kurasa ni mtu wa maneno machache. Hasomi kutafuta kosa wala haulizi nani kaandika. Kwake cha kijani ni cha kijani.

Sasa, ukurasa wa kumi na moja ni wa vijana, na aliyekuwa akiuandika ni kaka mmoja tuliyemwita Profesa. Mwezi uliopita alipata kazi kwingine akaondoka hata kikombe chake hajaosha. Alikuwa ameahidi wasomaji uchambuzi wa mchezo wa simu unaoitwa Nyika Huru. Mhariri, mama mtu mzima, akashuka mwenyewe masjala, akaniuliza nina umri gani. Nilishtuka, nikauliza kama kuna kasoro kwenye faili langu. Akasema hakuna kasoro, anatafuta kijana, na katika jengo hili kijana ni mimi tu na paka wa stoo. Nicheze, niandike. Nikamwambia mimi ni karani. Akajibu kwamba na Profesa naye hakuwa profesa.

Hajamaliza kupanda ngazi, akaja meneja wa matangazo. Sisi tunamwita Tai, kwa sababu ya zile tai zake za shingoni, kila siku mpya, kila siku inang'aa kuliko ya jana. Aliegemea kaunta yangu akaniita mdogo wangu, nikajua kuna jambo. Akasema wenye mchezo ule ndio wanaolipia ukurasa wetu wa nyuma, kwa hiyo niandike kwamba ni mzuri, kwamba ni bure, niweke na picha, basi. Akaongeza, huku akinyoosha tai, kwamba yeye ni mmoja wa watakaoketi kujadili walio kwenye majaribio, na amefurahi kuona mimi si mtu wa matatizo. Mama Mdogo, nikaitikia tu kwa kichwa. Unajua nilivyoitafuta kazi hii.

Nikaucheza. Nilicheza wakati wa chakula nikiwa nyuma ya kabati la mafaili, na siku za mapumziko nikiwa kitandani kwangu. Nikueleze ulivyo, maana najua wewe michezo ya simu unaijua kwa kuwanyang'anya mapacha. Unaingia bila kulipa chochote. Unapewa mtu wako, nawe unamwongoza kwenye nchi kubwa isiyo na njia ya lazima. Ukiona mlima, unaweza kuupanda. Ukiona mto, unaweza kuufuata mpaka unakotoka. Hakuna anayekwambia uende wapi. Lakini lazima uwe kwenye mtandao wakati wote, hata kama unatembea peke yako.

Sitaki nikudanganye, ni mzuri. Siku ya kwanza nilipanda mlima wa theluji mpaka kileleni. Mimi huyu, ninayeshuka ngazi za ofisini nimeshika ukuta! Jua likachomoza upande wa pili, nikaona mabonde yote niliyopita, nikajirusha nikiwa na kitambaa cha kuelea, nikapaa. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga kuuliza kulikoni.

Furaha hiyo ilidumu kama wiki moja. Halafu akatokea mwanamke mwenye kofia, amesimama kwenye lango la mji, akaniambia ana kazi za leo. Niokote uyoga, nipeleke kifurushi, nifukuze nguruwe mwitu waliovamia shamba. Nikafanya. Kesho yake akataka uyoga uleule. Nguruwe nao wamerudi palepale, kana kwamba jana hatukuonana. Kwenda nchi mpya kulihitaji nguvu, na nguvu zikiisha zinajaa polepole kama tangi la maji lenye bomba bovu, kwa hiyo unaondoka, unarudi baadaye, unaondoka tena. Na nilipokuwa nikiokota uyoga, kila mtu wa mji ule alikuwa akiniita shujaa wa pekee, huku nikiona mashujaa wa pekee wengine wamepanga foleni nyuma yangu kumngoja mwanamke wa kofia.

Kulikuwa na kisima pia. Wenzako wa safari huwapati njiani, unatumbukiza kito cha thamani kisimani na kisima kinakupa kinachotaka chenyewe. Nilimtaka dada mmoja mwenye upinde. Kikanipa panga, kikanipa panga jingine, kikanipa bakuli. Ukitaka vito bila kununua, sharti uingie kila siku, na kila ukiingia ua moja linachanua kwenye ubao wa mchezo. Ukikosa siku moja, maua yote yananyauka.

Hapo ndipo nilipoweka simu chini. Mama Mdogo, mimi ndiye ninayetunza kadi za mahudhurio za ofisi hii. Naijua kadi ya mahudhurio nikiiona, hata ikipambwa maua. Nilikuwa natoka masjala kupanga mafaili, nikaingia Nyika Huru kupanga uyoga, na kule hakuna hata likizo ya ugonjwa.

Kilichonimaliza kabisa ni mtandao. Jumapili moja nilikuwa bondeni, kimya, sina mwenzangu, naangalia tu mvuke ukipanda majini. Mtandao wa mtaani kwetu ukakatika, na bonde lote likafungwa usoni mwangu kama duka. Nikajiuliza, kama niko peke yangu, siongei na mtu, sishindani na mtu, kwa nini nishikwe mkono na mashine iliyo sijui mji gani? Nikaona pia kwamba siku wenye mashine wakichoka wakaizima, mlima wangu wa theluji utakufa siku hiyohiyo, na hakuna atakayeweza kuuweka hata kwenye kabati.

Basi nikaandika. Niliandika makala aliyoitaka Tai, ikatoka laini kama maji ya kuoshea mchele, haina ladha. Halafu nikajaribu kuandika ukweli, ukakataa kupangika, nikaishia kuuandika kwa namna pekee ninayoijua: dokezo la ofisi. Juu nikaweka "Kuhusu: Mchezo wa Nyika Huru". Nikasifu mlima kwa aya nzima bila kubana. Nikaeleza uyoga, kisima, maua na mtandao. Mwisho nikaandika, "Maoni ya karani: hii ni nchi nzuri sana iliyogeuzwa ajira. Anayetaka kuitembelea aende, ila asisaini kadi. Naomba kuwasilisha."

Siku ya kufunga kurasa, dokezo likakutwa kwenye trei ya kijani. Asubuhi ya toleo lilikuwa ukurasa wa kumi na moja, lote, pamoja na "Kuhusu" yake, na chini limeandikwa "Karani, Masjala".

Ofisi ilikufa kwa kicheko. Wakasema karani amechanganya trei, maskini, woga wake umemponza. Mpanga kurasa alipoulizwa alijibu palepale kwamba lilikuwa la kijani. Tai alishuka ngazi tai ikiwa begani, akaniambia nianze kukusanya vitu vyangu.

Lakini barua zikaanza kuingia, nami ndiye mfungua barua. Fikiria nimekaa hapo nagonga muhuri barua zinazonihusu mwenyewe! Mama mmoja aliandika kwamba sasa ameelewa kwa nini binti yake anakatisha chakula akimbilie "zamu". Mchezaji wa siku nyingi aliandika kwamba ameuchukia ule uyoga tangu mwanzo ila alidhani ni yeye tu. Mwingine alinitukana, akasema nirudi kwenye mafaili yangu na mchezo niwaachie wenye vidole. Hiyo nayo niliigonga muhuri, kwa haki.

Jana tukaitwa chumba cha mikutano. Tulikuwapo Mhariri, Tai, mimi, na bwana kutoka kampuni inayousambaza mchezo, na kishikwambi chake kikubwa kama sinia. Yule bwana alisema kwa adabu kwamba mwandishi hakuuelewa mchezo, kwamba Nyika Huru ni uhuru mtupu. Akaufungua mbele yetu, akampandisha mtu wake kwenye kilele kilekile cha theluji. Mhariri alisogeza kiti aone vizuri. Ulikuwa unapendeza kweli.

Sijui sauti niliitoa wapi. Nilimwomba, kama hatojali, azime mtandao. Akauliza kwa nini. Nikasema yuko peke yake mlimani na ni huru, kwa hiyo mlima hautajali. Akamtazama Tai. Tai akatazama dari. Mhariri akasema, "Zima basi, tuone." Akazima. Mlima ukaganda, ukawa mweusi, yakabaki maneno yanayomtaka aangalie muunganisho wake. Mhariri alicheka mpaka akavua miwani.

Tai hakucheka. Alinigeukia kwa upole wa kutisha, akasema hapa hakuna ugomvi, ni ajali ya trei tu. Niseme hivyo kwa mdomo wangu, gazeti lichape samahani, nami nibaki na kazi yangu. Akaninong'oneza, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Sema umekosea, mdogo wangu, yaishe."

Njia ya kutokea alinifungulia yeye mwenyewe. Ilibaki nipite tu.

Na hapa, Mama Mdogo, ndipo kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu hadi wakati huo. Sikuchanganya trei. Mimi sijawahi kuchanganya trei tangu niajiriwe. Siku ile nilisimama pale na karatasi mbili mkononi, ya laini na ya kweli, nikijua Mhariri yuko kwenye kikao, na dokezo nikiliweka kwenye kijivu Tai atalisoma kabla yake na kulizuia. Nikaiweka ya laini kwenye kapu la taka, na ya kweli kwenye kijani, kisha nikaenda chooni nikatapika.

Nikawaambia vilevile, hata la kutapika. Nikasema sikukosea, niliweka kwa mkono wangu, na kama kuna sentensi ya uongo mle ndani nionyeshwe nitaiomba samahani hiyo moja.

Mhariri akamuuliza Tai ipo wapi sentensi ya uongo. Tai akafungua gazeti, akalifunga. Mhariri akamuuliza yule bwana. Yule bwana akakuna kidevu, akasema ukweli, ile ya nguruwe hata kwao nyumbani inawachosha, mkewe ana maua ya miezi. Halafu akauliza kama anaweza kuinukuu aya yangu ya mlima kwenye bango lao. Nikamwambia anaweza, akiweka na aya ya uyoga. Akacheka, akasema atafikiria. Ukurasa wa nyuma hajauondoa.

Mhariri alinibakiza baada yao kutoka. Alinionya kwamba nikipita tena juu ya kichwa chake kwenda trei ya kijani, atanifukuza yeye mwenyewe kabla Tai hajafunga tai. Nikasema sawa, mama. Kisha akaniambia ukurasa wa kumi na moja ni wangu kuanzia toleo lijalo, majaribio yamekwisha, na dokezo libaki dokezo, nisije nikajifunza kuandika kama Profesa. Akauliza chini yake tuweke jina gani, Karani tena? Nikamwambia tuweke jina langu kamili, lile mliloniandikisha nalo shule. Nikalitaja herufi kwa herufi.

Bado naogopa, usidhani nimebadilika. Nimeandika barua hii na mlango umefungwa. Mlima wa theluji nao bado naupanda, siku nikijisikia mimi, na maua yote yamenyauka ubaoni na wala sijali. Mpe Baba Mdogo salamu za heshima, wabusu mapacha, na uwaombe majirani wote wanunue gazeti la wiki ijayo. Nimeshaanza kuandika.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Mwandishi wa ukurasa wa kumi na moja