Mizinga ya Kaka Kichizo

Kure, 4 Februari 1945

Mdogo wangu Isamu,

Hujambo huko melini? Sisi hatujambo, ila kikohozi hakijamwacha Mama tangu baridi ianze. Anakusalimu, na amekufungia viazi vitamu vilivyokaushwa.

Uliyotusimulia ulipokuja likizo yametunyima usingizi. Mnapiga ndege za adui kwa kimzinga kile mkiwa wazi sitahani, na risasi kumi na tano zikiisha mnabadilisha kasha huku ndege iko utosini. Basi nimemsumbua Luteni Onuma, anayetupa kazi hapa karakana, mpaka amekubali. Utahamishiwa nchi kavu, kilimani, kwenye mizinga kama hiyohiyo. Ameniahidi ni mahali salama.

Kaka yako,
Kichizo

Kilimani, 21 Februari

Shikamoo Kaka,

Mama anapumua vizuri? Mimi mzima. Barua hii nampa mwenzangu Sugita aje nayo mkononi, isipite kwa wakaguzi.

Mizinga iko minne. Niliposhika wa kwanza nilidhani vidole vimekufa ganzi, maana haukuwa na ubaridi wa chuma. Ni mbao, zimepakwa masizi. Ndege zikija, kazi yetu ni kuizungusha na kukimbia huku na huku, zitupige sisi na kuiacha mizinga ya kweli ng'ambo ya bonde. Sugita anauliza chambo hupewa nishani gani.

Halafu nikainama nikaona viungo vya miguu yake. Vimeshikana bila msumari hata mmoja, na ukingo umechongwa alivyotufundisha Baba. Kure nzima hakuna mwingine anayekata hivyo. Kaka, ulijua?

Mdogo wako,
Isamu

Kure, 1 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani? Mama hajambo kidogo. Sijamwambia kitu.

Nilijua ni ya mbao, nimeijenga mwenyewe. Luteni aliniambia ndege zikija mtakaa pangoni, nami nikamwamini. Yeye alitaka mbao za masanduku zigongwe misumari, basi. Nikakataa. Niliposikia unakuja wewe, ndiyo nikaitengeneza vizuri zaidi. Ningekupa kazi mbovu uisimamie? Nimemwomba akuhamishe tena, anacheka tu. Nijibu, tafadhali.

Kaka yako,
Kichizo

Kure, 24 Machi

Isamu, ndege zimepita juu yetu zikielekea kwenu. Tumeuona moshi. Mama anauliza kila asubuhi. Andika hata neno moja.

Kaka yako

Kilimani, 10 Aprili

Kichizo,

Mwambie Mama mimi mzima.

Pango halipo, halikuwapo kamwe. Kilima cha pili askari walijigongea mizinga yao kwa mbao za masanduku, na ndege zilikipita bila kupoteza risasi. Ya kwako marubani waliiamini. Walirudi mara tatu. Sugita alikufa akiuzungusha mmoja, na viungo vyako havikuachia hata mbao zilipowaka. Ungekuwa fundi mbaya kidogo, angekuwa hai.

Luteni amefurahi sana. Ameagiza mingine sita kwa fundi yuleyule.

Anayekuletea barua hii ni kaka yake Sugita, aliyekuja kuchukua majivu ya mdogo wake. Mkaribishe ndani, mpe chai. Ananiuliza tangu jana ni nani aliyeijenga mizinga ile. Nimemwambia wewe utamjibu.

Isamu