Furaha Aliandika Muzuri

Papa mupenzi,

Nakusalimia mu jina ya Bwana, weye na Mama. Mugongo yako inaendelea namna gani? Mvua iliacha maharagi kidogo ao yote ilioza? Miye huku Kampala mwili iko muzima. Roho njo haiko muzima, na nitakuambia sababu bila kuzunguka.

Uliniambia ku simu: "Dada yako Furaha ametuletea haya. Alitaka kuua mutoto wa batu." Papa, ile maneno ilinichoma, na haiko kweli.

Unajua kama biro yenye natumikaka njo ilitengeneza programu ya santre de sante, ile kituo ya afya kwenye Furaha ni munganga. Anapima mutoto, anaandika kilo mu kanafasi kadogo ku ekra, ile kioo ya mashini, anabonyeza, na mashini inamuonyesha kipimo ya dawa. Ile siku alipima katoto ka kilo saba na nusu, akaandika 7,5. Mashini ikamupa siro mingi, ile dawa ya kunywa. Furaha akauliza shefu wake: "Hii haijapita kipimo?" Akajibiwa: "Fuata mashini. Yeye hakosake." Akafuata. Katoto kakatapika, kakalegea, na Furaha mwenyewe njo alikakimbiza ku hospitali mu mugongo. Kalipona, Mungu asifiwe. Kisha bakamufukuza, eti hajue kuandika!

Nilifungua ile programu. Nikaandika 27, kama mutoto mukubwa amepita. Kisha nikaandika 7,5, sawa Furaha. Ekra ikanipa dawa ya kilo makumi mbili na saba.

Sikiliza Papa, haiko nguvu kuelewa. Mu programu, kila hesabu tunaiweka mu chombo yenye iko na jina. Chombo ya mugonjwa moja inapashwa kuzaliwa mu kazi yake na kuisha pamoja nayo. Mwenye aliandika hii programu aliweka chombo moja inje, ya bagonjwa bote, na hakuna mwenye anaimwanga. Tena yeye anajua nukta ya Kingereza tu, 7.5. Sisi bote tulifundishwa virgule ya Kifaransa, 7,5! Mashini ilipokuta virgule ilishindwa kusoma. Pahali pa kusema "sijaelewa", ilinyamaza, ikachukua kilo ya mutoto mwenye alitangulia, juu ilikuwa ingali mule.

Nilionyesha patron, mukubwa wa biro yetu. Alicheka. "Tutatengeneza kimya-kimya. Lakini kosa ni ya batu ba kule mu misitu. Bajifunze kuandika nukta."

Nikamujibu: "Ba kule njo bazazi yangu. Kazi yetu ni kupokea maneno ya muntu vile anajua kuandika, ao kumuambia wazi kama hatukuelewa."

"Esperance, kazi unaitaka ao hauitaki?"

Nilitoka pale nikilia kwa hasira. Dada yangu ameketi nyumbani na jina ya muuaji, na huyu anacheka!

Kisha bakakuja bageni, bale benye balilipia programu. Kati yao kulikuwa docteur moja, mama Mukongomani. Patron alinituma nibaonyeshe rangi mupya ya ekra. Miye niliandika 27, nikasogeza mashini mbele ya ule mama. "Mama docteur, andika kilo saba na nusu vile unaandikaka." Akaandika virgule, bila kufikiri. Kipimo ikatoka.

Aliisoma, akaisoma tena. "Hii ni ya mutoto gani?"

"Ya mwenye alipita mbele, Mama."

Akageukia patron. "Na santre zingine? Ni batoto bangapi?" Ule mama akasimama: "Mufunge hii kitu leo."

Baliifunga. Patron alilazimika kuandikia bakubwa ba afya na kutia sinyatire ya mukono wake: kosa ilikuwa yetu, munganga aliandika muzuri. Furaha bamemurudisha ku kazi. Patron hanisalimie tena, lakini ule mama alisema miye njo nitatengeneza programu upya, basi ningali ku kazi.

Nilifikiri hasira itaisha. Jana Furaha aliniambia ku simu: "Kazi nimerudilia. Lakini tangu siku ile Papa hajanisemesha."

Papa, unisamehe, mutoto hapashwi kuandikia muzazi hivi. Lakini hata ule muntu asiye na haya alisema "tulikosa". Weye, muzee wa kanisa, unangojea nini? Kutoka kwako mpaka kwa Furaha ni kuvuka shamba ya maharagi tu.

Unisalimie Mama sana, na mama mudogo mwenye anauzisha mihogo ku soko ya Ntoto, na muyomba mwenye anachunga ngombe kule Bihambwe, na kaka mwenye anaimbisha kwaya. Kwa Furaha situmi salamu. Nataka ya kwanza itoke mu kinywa yako.

Ni miye mutoto wako, mwenye anakupenda hata mu hasira,

Esperance