Shangazi, Kwangu Hukuhamia

Mpendwa Shangazi,

Jana kwenye darasa la Kiingereza mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili, "move in", akasema maana yake ni kuhamia: unaingia nyumba na vitu vyako, na kuanzia hapo unaishi mle. Kila mtu atoe mfano wa maisha yake. Nikawa wa kwanza kuinuka, nikasema shangazi yangu alihamia kwetu vita vilipofika Sake.

"Alikuwa anafanya kazi gani pale nyumbani?" mwalimu akauliza.

"Hakuna. Alikuwa anaikala tu ku kiti."

"Muda wote? Basi huyo alikuwa mugeni, mama. Tafuta mufano ingine."

Wenzangu walicheka. Mimi niliona aibu, kwa sababu nilikumbuka wewe ulivyonipokea.

Volkano ilipolipuka hapa Goma, tulikimbilia kwako Sake, mimi na watoto, miguu imevimba. Siku mbili ulitupikia. Ya tatu ukaniamsha, ukanipa jembe. "Twende ku shamba. Hapa ni kwenu." Nilinuna, Shangazi. Nilidhani unanitumikisha. Kumbe jioni ile ndiyo ya kwanza niliyokula maharagwe yako bila kujiona ombaomba.

Kisha zamu yako ya kukimbia ikafika, ukaja kwangu. Kila ulipogusa sufuria nilikunyang'anya. "Acha tu, Shangazi. Ikala, mi ntapika." Majirani walinisifu kwa heshima yangu. Lakini mimi najua nilichokuwa nafanya. Niliogopa kwamba ukishazoea jiko langu hutaondoka. Kwa hiyo nilikukalisha sebuleni kwenye kiti kizuri, karibu na mlango, furushi lako halijafunguliwa, mpaka asubuhi moja ukasema unaenda kambini Lac Vert, huko angalau utatafuta kuni. Sikukuzuia. Nilikusindikiza hadi barabarani, na niliporudi nilifurahi.

Nisamehe. Nasikia umerudi Sake na nyumba haina hata paa. Nataka nikuombe uje, safari hii uishi nasi kweli, lakini uso wa kukutazama sina. Mama mmoja anayeuza majani ya sombe hapa sokoni mlikuwa naye kambini. Aliniambia ulikuwa ukiwasimulia wanawake wenzako kwamba una mtoto Goma, alikutunza vizuri sana, hakukuachia hata sahani ya kuosha. Nami niliipokea sifa hiyo, Shangazi. Nikamwambia asante.

Ni mimi, binti wa kaka yako